Kuishi Chomboni na Kulala Nangani: Mwongozo wa Visiwa vya Pemba, Unguja na Mafia

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu, au mtu na familia yake, mwenye chombo cha tanga cha urefu wa mita 8 hadi 12 na injini ndogo ya dizeli, anayekusudia kuyafanya maji yaliyo kati ya kisiwa cha Wasini, Kenya, na Kilwa kuwa makazi yake kwa miezi kadhaa. Haumfundishi kutweka tanga wala kushika usukani, kwani hayo ni ya kuyajua kabla ya kuhamia. Unashughulika na jambo ambalo hata mabaharia wazuri hulikosea, nalo ni kuchagua pahali pa kulala, kufika hapo kwa saa inayofaa, na kukaa hapo bila kukiumiza chombo, matumbawe wala wenyeji. Anayeishi chomboni husafiri saa chache tu kwa wiki. Saa nyingine zote yuko nangani, na huko ndiko mambo mengi humharibikia.

Hatua ya kwanza: panga mwaka kwa pepo

Kaskazi huvuma takriban kuanzia Desemba hadi Machi, na kusi kuanzia Aprili au Mei hadi Septemba. Kusi hushika nguvu zaidi Juni na Julai, ambapo upepo wa kilomita 35 kwa saa unaoendelea kwa siku kadhaa mfululizo si jambo la kushangaza. Kati ya misimu hiyo miwili, hasa Oktoba na Novemba, huja matlai, upepo mwepesi wa mashariki, na bahari hutulia hata mwamba ulio chini ya maji ukaonekana vizuri kutoka juu. Kwa anayeanza maisha haya, miezi hiyo ndiyo ya kujifunzia. Masika, yaani Machi hadi Mei, nashauri chombo kifichwe katika hori lililofungika, kama Kilifi au Mtwapa kwa upande wa Kenya, na muda huo utumike kwa matengenezo, maana mvua hupoteza mwonekano na pepo za ghafla hubadilika mwelekeo usiku.

Pamoja na upepo kuna mkondo. Katika pwani ya Tanzania mkondo mkuu wa bahari huelekea kaskazini mwaka mzima. Wakati wa kusi huongezeka kasi, na wakati wa kaskazi hupungua lakini haugeuki. Kwa hiyo anayetaka kwenda Mafia na Kilwa na ateremke wakati wa kaskazi, akipita ndani ya miamba karibu na bara ambako mkondo ni hafifu, na apande tena kuelekea Unguja, Pemba na Wasini kusi inapoanza kupoa au kabla haijakomaa. Kutoka Pemba kuteremka Unguja mwezi wa Julai ni kupiga bisho dhidi ya upepo na mkondo kwa pamoja. Manahodha wa majahazi waliofanya biashara katika maji haya kwa karne nyingi walipanga safari zao ili wasifikwe na hali hiyo, na sioni sababu ya mwenye chombo cha starehe kujitia ujasiri wasioutaka wao.

Vimbunga ni nadra katika latitudo hizi, ila si sahihi tena kusema havifiki. Kenneth kilipiga kaskazini mwa Msumbiji Aprili 2019, Jobo kilifika pwani ya Dar es Salaam Aprili 2021 kikiwa kimedhoofika, na Hidaya kilifika eneo la Mafia mwanzoni mwa Mei 2024. Mwezi wa Aprili na Mei, basi, sikiliza taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa kila siku, na usiwe kusini ya Mafia bila sababu.

Hatua ya pili: nyaraka

Hapa sitakaa sana, kwa kuwa taratibu hubadilika na ofisi husika ndiyo yenye neno la mwisho. Kwa Tanzania Bara usajili na ukaguzi wa usalama wa chombo uko chini ya TASAC, Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania. Kwa Zanzibar ni Mamlaka ya Usafiri Baharini. Kuvuka kutoka Kenya kwenda Tanzania, hata kwa chombo cha mita tisa chenye mume, mke na paka, ni kuvuka mpaka wa nchi: unagonga muhuri wa kutoka unakotoka, na ukifika unakwenda moja kwa moja kwenye bandari yenye maofisa wa uhamiaji na forodha kabla ya kutia nanga kwenye kisiwa chochote. Hifadhi za bahari nazo zina ada zake, ikiwa ni pamoja na Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, iliyoanzishwa mwaka 1995, na visiwa vya Mbudya na Bongoyo mbele ya Dar es Salaam. Lipa, tunza risiti, na iweke pamoja na cheti cha chombo katika mfuko usiopitisha maji.

Hatua ya tatu: andaa chombo kwa maisha ya nangani

Fedha ya kwanza iende kwenye nanga. Chombo cha mita kumi kinahitaji nanga ya mchanga yenye uzito wa kilo 15 hadi 20, mnyororo wa milimita 8 wenye urefu wa mita 50 au 60, na kamba nene ya mita 30 nyuma yake. Mnyororo huo peke yake una uzito wa zaidi ya kilo 80 ukiwa mita 60, na wapo wanaoukata ili kupunguza mzigo wa omo, yaani sehemu ya mbele ya chombo. Wataujutia usiku wa kwanza wa kusi. Nanga ya makucha manne ambayo wavuvi wetu huitumia ni nzuri kwenye mwamba, lakini kwenye mchanga huburuzika, kwa hiyo ichukue kama nanga ya pili. Ongeza kamba ya nailoni ya mita sita hadi kumi ya kufungia kwenye mnyororo na kuibeba mishtuko ya mawimbi, ili gurudumu la nanga na usingizi wako visiteseke.

Maji ya kunywa na kupikia yahesabu kwa lita tano kwa kila mtu kwa siku, kwa kudhani kwamba vyombo na miili vinaoshwa kwanza kwa maji ya bahari na kusuuzwa kwa kikombe kimoja cha maji baridi. Familia ya watu wanne inayokaa wiki mbili mbali na mji inahitaji lita 280, yaani madumu 14 ya lita 20. Yagawe katika matangi mawili au zaidi yasiyounganishwa, kwa kuwa tangi moja likivuja au likaingia maji ya chumvi, hutabaki mikono mitupu. Turubai la kivuli juu ya sitaha, likishonwa na tundu la kupitishia bomba la mpira katikati, hukinga mvua ya vuli na kujaza madumu kwa usiku mmoja. Yamwage maji ya dakika za mwanzo, kwani hubeba chumvi na vumbi la turubai.

Paneli za sola zenye jumla ya wati 300 hutoa, katika siku ya kawaida ya jua la kwetu, takriban wati-saa 1,200. Friji ndogo peke yake hula nusu ya hizo au karibu yake. Mtu anayekubali kununua samaki wa siku na kuishi bila friji hupunguza nusu ya matatizo yake ya umeme, na mimi naona ni biashara nzuri.

Kuhusu moto, mambo mawili hayana mjadala. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hushuka hadi ngama, sehemu ya chini kabisa ndani ya chombo, na kukaa huko ikingoja cheche ya betri, kwa hiyo mtungi uwekwe nje ya chumba, ndani ya sanduku lenye tundu la kutolea gesi baharini, na vali ifungwe kila baada ya kupika. Jiko la mkaa lisiwashwe kamwe ndani ya chumba kilichofungwa, hata kama nje kunanyesha, kwa kuwa moshi wake usioonekana huua waliolala.

Vyakula vya kudumu tunavijua: mchele, unga, maharage, dagaa wakavu, ng'onda, nazi, viazi, maboga, ndimu na achari. Siri iko katika kuviingiza. Maboksi ya karatasi yabaki bandarini, kwa sababu mende hutaga ndani ya mikunjo yake. Mkungu wa ndizi uzamishwe baharini kwa dakika kadhaa kabla ya kupandishwa. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Kenya tangu Agosti 2017 na Tanzania Bara tangu Juni 2019, kwa hiyo beba vikapu na vyombo vyenye vifuniko, ambavyo hata hivyo ndivyo vinavyokinga unga dhidi ya unyevu. Masoko ya Chake Chake na Wete, kisiwani Pemba, yana mboga na matunda ya kutosha. Vijiji vya visiwa vidogo mara nyingi havina cha ziada cha kukuuzia isipokuwa samaki, nazi na mihogo, na si haki kwenda huko na kununua hata akiba ya wenyeji.

Hatua ya nne: jifunze kusoma maji kabla ya kusoma ramani

Tofauti ya kina kati ya maji kujaa na maji kupwa wakati wa bamvua hufikia karibu mita nne katika pwani yetu; wakati wa maji mafu hushuka hadi kiasi cha mita moja. Hili ndilo jambo linalowaangusha wageni waliozoea bahari zisizopanda wala kushuka, na ndilo linalofanya uchaguzi wa nanga hapa uwe hesabu ya saa sita mbele.

Bamvua huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na hukomaa siku moja au mbili baadaye. Maji mafu huangukia tarehe saba hadi tisa na ishirini na moja hadi ishirini na tatu za mwezi wa Kiislamu. Katika siku za bamvua maji hujaa kati ya saa kumi na saa kumi na moja, alfajiri na jioni, na kupwa kati ya saa nne na saa tano, asubuhi na usiku. Katika siku za maji mafu mambo hupinduka: maji hujaa saa nne au saa tano na kupwa saa kumi. Kila siku saa hizo husogea mbele kwa dakika hamsini hivi. Mwenye kujua tarehe ya mwezi ana jedwali la maji kichwani, na anaweza kulitumia hata simu ikiwa imezimika. Hata hivyo jedwali lililochapishwa liwemo chomboni kwa ajili ya vimo halisi.

Hatua ya tano: chagua pahali pa kulala

Usiku kabla ya safari, kaa na ramani ya bahari na ujibu maswali matatu kwa kila nanga unayoifikiria. Upepo wa msimu huu unatoka wapi, na ni ardhi gani iliyo kati yangu na upepo huo? Mawimbi marefu ya bahari kuu yanaweza kuzunguka kutoka upande gani? Na upepo ukigeuka saa nane za usiku, nitatokea wapi gizani?

Swali la kwanza lina majibu yanayojulikana. Upande wa magharibi wa Pemba, ndani ya Mlango wa Njao (mlango ni pito kati ya visiwa au miamba) au nyuma ya Kisiwa cha Fundo, hukinga pepo zote mbili, ndiyo maana ndiko nanga bora zaidi katika maji haya kwa maoni yangu. Kendwa, kaskazini-magharibi mwa Unguja, ni tulivu wakati wa kusi, ila kaskazi ikivuma mawimbi huzunguka Ras Nungwi na kukuyumbisha usiku kucha. Mbele ya Mji Mkongwe, wakati wa kusi hutiwa nanga kaskazini ya Shangani, upande wa Forodhani. Wakati wa kaskazi huhamiwa kusini yake. Pwani ya mashariki ya Unguja, Paje hadi Jambiani, iache kabisa: ndani ya mwamba hakuna kina, na vigingi vya mashamba ya mwani vya akina mama vimejaa pale ambapo ungetaka kupita. Mafia ina Ghuba ya Chole, iliyozungukwa na Chole, Juani na Jibondo, na Kilwa Kisiwani ina bandari ya asili yenye kina ambayo ndiyo iliyoufanya mji ule kuwa mji.

Swali la pili ndilo linalosahaulika. Kisiwa kidogo cha mviringo hukinga upepo lakini hakikingi mawimbi marefu. Hupasuka mbele ya kisiwa, yakapita pande zote mbili, na kukutana tena nyuma yake, pale pale ulipolala. Ukiona kwenye ramani kisiwa kizuri cha mchanga chenye upana wa mita mia tatu, kiwe cha kushinda mchana, si cha kulala.

Swali la tatu linahusu umande, upepo wa nchi kavu unaoshuka kutoka bara usiku na alfajiri hasa wakati wa kaskazi nyepesi na matlai. Chombo kilicholala mchana na tezi yake, yaani nyuma yake, ikielekea bahari wazi kinaweza kuamka tezi ikielekea mwamba. Nafasi ya kuzunguka, basi, ipimwe pande zote, hata ule upande ambao upepo wa sasa haukupeleki.

Hatua ya sita: fika jua likiwa mahali pake

Hapa panahitaji subira. Miamba ya matumbawe huonekana kwa macho kabla ya kuonekana kwa chombo cha kupimia kina, na macho hayaoni kitu jua likiwa usoni. Buluu iliyokolea ni kina kikubwa. Kijani kilichopauka ni mchanga wa mita tatu hadi sita. Hudhurungi au manjano iliyofifia ni mwamba ulio karibu na uso. Doa jeusi lenye kingo laini mara nyingi ni majani ya bahari, na lenye kingo kali ni jabali la tumbawe. Rangi hizi husomeka vizuri kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri, kwa miwani ya jua inayokata mng'ao, na mtu mmoja akiwa amesimama juu kadiri inavyowezekana, ameshika mlingoti, akinyoosha mkono kuonyesha njia bila kupiga kelele.

Milango ya magharibi ya Pemba huingiwa ukielekea mashariki. Asubuhi jua liko usoni na mlango hauonekani. Ingia kati ya saa sita na saa tisa, na siku ya kuondoka utoke kati ya saa tatu na saa sita, jua likiwa mgongoni. Mkondo wa Pemba, yaani bahari iliyo kati ya bara na kisiwa hicho, wenye upana wa kilomita 50 hivi na kina cha zaidi ya mita 800 katikati, huvukwa kwa saa tano au sita na chombo kinachokwenda kilomita 9 kwa saa, kwa hiyo kung'oa nanga upande wa bara saa kumi na mbili alfajiri hukufikisha mlangoni adhuhuri. Lakini katika saa hizo sita, mkondo wa maji wa kilomita tatu na nusu kwa saa utakuwa umekusogeza kilomita 20 kaskazini. Lenga kusini ya mlango tangu mwanzo, na ulinganishe mahali ulipo na ramani kila nusu saa. Anayeukosa Mlango wa Njao hujikuta nje ya Ras Kigomasha, na kutoka hapo kurudi kusini wakati wa kusi ni kazi ya siku nzima.

Milango yenye mkondo wa kupwa na kujaa, kama ule wa Kinasi unaoingia Ghuba ya Chole, ingia maji yakiwa yamesimama au yakianza kujaa polepole. Maji yakitoka kwa nguvu dhidi ya upepo unaoingia, mlangoni husimama mawimbi mafupi yaliyo wima ambayo injini ndogo haiyawezi. Katika mkondo kati ya Mafia na mlango wa Rufiji, baada ya mvua, maji huwa ya udongo na macho hayasaidii hata saa sita. Hapo tumia kina na ramani, nenda maji yakiwa yanajaa ili ukikwama kwenye fungu uinuliwe, na ukitilia shaka simama.

Usiku usisafiri karibu na pwani. Ngalawa nyingi hazina taa, na jarife la mvuvi huenea mamia ya mita likiwa na maboya madogo yasiyoonekana. Ukilikata umemvunjia mtu maisha, na pengine umejifunga rafadha, yaani pangaboi la injini, palepale ambapo mkondo unakupeleka mwambani.

Hatua ya saba: tia nanga kwa hesabu

Ukishafika, zunguka polepole eneo ulilolichagua ili upime kina pande zote na kuhakikisha hakuna jabali. Tafuta mchanga mweupe. Matope ya hori la mikoko nayo hushika vizuri sana. Majani ya bahari hudanganya, kwani nanga hutulia juu ya mizizi bila kuzama. Juu ya matumbawe usitie nanga kamwe. Tumbawe lililovunjwa na mnyororo usiku mmoja halirudi kwa miaka mingi, na katika hifadhi ni kosa kisheria. Penye boya la kufungia, funga kwenye boya baada ya kuzamia na kukagua kamba yake.

Kisha hesabu. Chukua kina ulichopima, ongeza kimo ambacho maji yatapanda hadi kujaa, ongeza urefu kutoka uso wa maji hadi omo, halafu zidisha kwa tano kwa mnyororo mtupu, au kwa saba ukiwa na kamba. Mfano: umefika siku ya bamvua saa tano asubuhi, maji yamekupwa, kina ni mita nne. Jioni kitakuwa mita nane. Omo ni mita moja juu ya maji. Tisa mara tano ni mita 45 za mnyororo. Aliyehesabu kwa kina cha asubuhi peke yake, nne na moja mara tano, ametoa mita 25, na saa kumi na moja jioni uwiano wake umeshuka chini ya tatu, wakati upepo wa alasiri ndio kwanza umeshika kasi. Hesabu ya kinyume nayo ifanywe: ukifika maji yakiwa yamejaa na kina ni mita sita, kumbuka kwamba saa nne usiku kitabaki mita mbili, na mkuku, yaani uti wa chini wa chombo, unaoshuka mita moja na nusu utakuwa nusu mita juu ya chochote kilichoko chini.

Ukitoa mita 45 kwa chombo cha mita kumi, duara la kuzunguka lina upana wa zaidi ya mita mia moja. Kama duara hilo haliwi safi, pahali hapo si pako, hata pakiwa pazuri namna gani.

Shusha nanga chombo kikiwa kimesimama, kisha kiache kirudi nyuma taratibu huku mnyororo ukitandazwa badala ya kurundikwa. Mnyororo ukishatoka wote, subiri dakika chache, ndipo utie injini kinyumenyume kwa nguvu ndogo na kuiongeza hadi nusu. Weka mkono juu ya mnyororo: ukitetemeka na kugongagonga, nanga inaburuzika, ukikaza na kutulia kimya, imezama. Vaa miwani ya kuzamia ukaione kwa macho. Halafu chagua alama mbili za nchi kavu zinazopangana, kwa mfano mnazi mrefu na mnara wa msikiti, na alama nyingine mbili upande wa pembeni. Ziandike, uzitazame maji yakijaa, uzitazame tena kabla ya kulala. Giza likiingia washa taa nyeupe inayoonekana pande zote. Kama nanga imekataa mara mbili, hama.

Hatua ya nane: kaa vizuri na wenyeji

Kabla ya kushusha nanga karibu na wavuvi, waulize. Maneno hayahitaji mapambo: "Jamani, hapa mwatega?" yatosha, na mara nyingi utaonyeshwa mahali bora kuliko ulipotaka. Siku ya kwanza nchi kavu, kabla ya picha na matembezi, mwendee sheha ikiwa uko Zanzibar, au mwenyekiti wa kijiji ikiwa uko Bara, ukiwa umevaa nguo za heshima: "Shikamoo mzee wangu, sisi tuko kwenye kile chombo, tunaomba kukaa siku tatu." Kuanzia hapo wewe ni mgeni wa kijiji, na mtu akikisogelea chombo chako usiku kuna wa kumuuliza. Wakati wa Ramadhani usile wala kunywa hadharani mchana. Maji yakipwa, mwamba ni wa akina mama wanaotafuta pweza na chaza. Usiwakatishe kwa mavazi ya kuogelea.

Mashua ndogo ya kwendea pwani ina saa zake pia. Ukiiacha ufukweni saa tatu asubuhi siku ya bamvua, ukirudi saa tano utaikuta juu ya mchanga mkavu, maji yako nusu kilomita, na itakubidi uibebe au ungoje maji yarudi. Usiku ipandishe chomboni pamoja na injini yake.

Lala mita mia mbili au zaidi kutoka mikoko ili mbu wasikufikie, na chandarua kifunike kila tundu hata hivyo. Kidonda cha matumbawe kisuguliwe kwa maji yasiyo ya chumvi na sabuni siku hiyohiyo, kwani vipande vinavyobaki ndani huoza. Samaki anunuliwe kwa mvuvi, asiwe bunju, ambaye sumu yake haiondoki kwa kupikwa, na kambakochi mwenye mayai arudishwe. Papa potwe wanaoonekana Mafia, hasa kati ya Oktoba na Machi, waangaliwe injini ikiwa imezimwa na bila kuguswa. Makopo na chupa virudi mjini, na choo kisitolewe ndani ya ghuba iliyofungika. Watoto wavae jaketi okozi kila wanapokuwa juu ya sitaha, hata nangani. Redio ya VHF ikae chaneli 16, ile ya dharura, na ujue hospitali iliyo karibu kabla ya kuihitaji: Abdalla Mzee iko Mkoani, Mnazi Mmoja iko mjini Unguja, Bombo iko Tanga.

Hatua ya tisa: safisha tumbo la chombo

Katika maji haya ya joto, chaza na majani hushika tumbo la chombo kwa miezi michache na kukipunguzia mwendo. Huna haja ya chelezo, yaani pahali pa kukaushia na kutengenezea vyombo. Wenye majahazi hukausha vyombo vyao ufukweni kwa bamvua, na chombo chenye mkuku mrefu na mpana hufanya vivyo hivyo kikiegemezwa kwenye nguzo imara au kwenye miguu ya mbao pande zote mbili. Chagua mchanga mgumu uliokingwa na mawimbi, ukague maji yakiwa yamekupwa ili usije ukakikalisha juu ya jiwe, kisha ingia maji yakijaa saa kumi jioni. Chombo kitakaa usiku, kitaelea tena alfajiri kwa muda mfupi, na saa mbili asubuhi kitakuwa kikavu. Una hadi saa saba mchana kukwangua, kuziba kalafati, na kupaka rangi, au deheni (mafuta ya kukinga mbao) ikiwa ni cha mbao.

Fanya hivyo siku moja au mbili kabla bamvua haijakomaa, ili maji ya siku inayofuata yawe juu zaidi ya yale yaliyokuingiza. Anayeingia kwenye kilele cha bamvua atakuta kila siku maji yanamfikia chini zaidi, na atangoja wiki mbili hadi bamvua nyingine. Kabla hakijaanza kuinuka, funga nanga mbali kwenye kina kwa kamba ndefu, hakikisha matundu yote ya chini yamezibwa, na mtu mmoja awe ngamani na tochi akiangalia kama maji yanaingia. Kikielea, jivute nje kwa kamba hiyo bila kuwasha injini, kwa kuwa mchanga uliovurugika huziba bomba la kupozea, kisha kitie nanga kwenye kina kabla jua halijashuka.